Mkono Ulikopita: Utaratibu wa Mivuto katika Uandishi wa Kichina na Swali la Usahihi

Tangu Desemba 2005, ilipofunguliwa Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza ya aina yake katika Afrika, lugha ya Kichina imepata makao katika vyuo vyetu. Pamoja nayo umeingia ubishi ambao walimu wa lugha nyingine hawajapata kuukabili. Mwanafunzi anaandika alama ya Kichina. Ukiitazama ikiwa imekwisha kuandikwa huoni ndani yake dosari yoyote. Hata hivyo mwalimu aliyekuwa amesimama nyuma yake anaipiga mstari mwekundu, kwa kuwa mkono wa mwanafunzi ulianza mahali pasipostahili kuanzia. Mwanafunzi hulalamika, na lalamiko lake lina uzito: ikiwa maandishi ni kile kinachosomwa, na kinachosomwa hakina kasoro, kosa liko wapi?

Swali hili aghalabu hujibiwa kwa njia mbili. Wako wanaoshikilia kwamba utaratibu huo ni sheria itokayo katika maumbile ya alama zenyewe na ya mkono wa binadamu, hivi kwamba anayeuvunja hana budi kuandika vibaya, akijua asijue. Wako wengine, na miongoni mwao wamo walimu wenye ujuzi mwingi, wanaosema kwamba ni adabu tu: kama mtu anavyofundishwa kula kwa mkono wa kulia, ndivyo anavyofundishwa kuanza juu na kumalizia chini, na asiyefanya hivyo atashiba vilevile ila wenzake watamcheka. Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki majibu haya mawili. Kwa maoni yangu la kwanza si kweli, na la pili ni kweli pungufu. Na upungufu wake unatugusa hata sisi tusiofundisha Kichina, kwa kuwa unahusu namna tunavyoyatazama maandishi ya mkono kwa jumla, yakiwamo yetu wenyewe.

Kwanza istilahi. Alama ya Kichina hujengwa kwa vipande ambavyo kila kimoja huandikwa tangu kalamu iguse karatasi hadi inapoinuliwa. Kiswahili hakina neno lililozoeleka kwa kipande hicho. Kukiita mstari hakufai, kwani kinaweza kuwa nukta, au kikawa na pembe na ndoano mwishoni. Kwa vile tunasema kuvuta mstari, nitakiita mvuto, nikimwomba msomaji asahau kwa kitambo kile ambacho wanasayansi wamelifanyia neno hili.

Kanuni za msingi si nyingi, na mtoto huzijua katika majuma machache. Alama ya shi, yaani kumi, ni msalaba: mvuto unaolala hutangulia, unaosimama hufuata. Ren, mtu, ina miguu miwili: wa kushoto huandikwa kwanza. San, tatu, ni mivuto mitatu iliyolala, na ya juu hutangulia ya chini. Chuan, mto, ni mitatu iliyosimama, na wa kushoto hutangulia. Katika xiao, yaani dogo, mvuto wa katikati hutangulia vile viwili vya ubavuni. Katika yue, mwezi, ganda la nje huandikwa kabla ya kilichomo ndani. Na palipo na boma lililozungushwa pande zote, kama katika guo, nchi, huandikwa pande tatu, kisha kilichomo ndani, na mwisho kabisa huandikwa mvuto wa chini unaolifunga. Walimu wa Kichina huwaambia watoto waingie ndani kwanza ndipo wafunge mlango. Sijaona kanuni ya uandishi, katika lugha yoyote niijuayo, iliyofundishwa kwa usemi mzuri zaidi ya huo.

Hapa watetezi wa jibu la kwanza huona wamekwisha kushinda. Je, husema, si dhahiri kwamba mkono wa kulia huona wepesi kwenda kutoka kushoto, na kutoka juu kuteremka, na kwamba njia fupi ndiyo bora? Hoja hii ina sehemu yake ya ukweli, lakini haiwezi kubeba mzigo wote inaotwikwa. Yafaa ikumbukwe kwamba kwa zaidi ya miaka elfu mbili Wachina waliandika kwa safu zinazoteremka, na safu hizo zilipangwa kutoka kulia kwenda kushoto. Yaani ndani ya alama moja mkono ulikwenda kulia, na katika ukurasa ulikwenda kushoto. Gazeti la Renmin Ribao halikuanza kupangwa kwa mistari inayolala, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka Januari 1956. Kama ni wepesi wa mkono uliotunga sheria, ulitunga nusu yake na kuiacha nusu nyingine kwa muda mrefu mno. Isitoshe, sheria ya maumbile haina budi kuwa moja kila mahali, nayo hii si moja.

Niruhusiwe kutoa ushahidi wangu mwenyewe. Kitabu changu cha kwanza cha alama hizi kilikuwa kimetungwa kwa ajili ya wanaojifunza Kijapani. Humo nilifundishwa kuiandika tian, yaani shamba, ambayo ni mraba wenye msalaba ndani, hivi: ubavu wa kushoto, kisha juu na ubavu wa kulia kwa mvuto mmoja, kisha mvuto unaosimama katikati, kisha ule unaolala, na mwisho wa kufunga. Miaka baadaye nikaingia darasa la Kichina, nikaandika shamba langu kwa uhodari mwingi, nikapigwa mstari mwekundu. Kwa Wachina ndani ya mraba ule mvuto unaolala hutangulia, kwa kuifuata ile kanuni ya shi. Nilijitetea kwamba nilifundishwa na walimu wa nchi ambayo imeandika alama hizi kwa karne nyingi. Mwalimu alicheka kwa upole, asiifute alama yake.

Tofauti hizi si moja wala mbili. Wang, mfalme, ni mivuto mitatu iliyolala na mmoja unaoishika kwa kusimama. Mchina wa leo huandika miwili ya juu, kisha unaosimama, kisha wa chini. Mjapani huandika mmoja wa juu, kisha unaosimama, kisha miwili iliyobaki. Bi, yaani lazima, ni alama ndogo ya mivuto mitano tu iliyotawanyika, na ni kama iliumbwa makusudi ili kuwagombanisha walimu: Mchina huanza na nukta ya kushoto, Mjapani huanza na nukta ya juu katikati. Kila mmoja ana kitabu cha serikali kinachomuunga mkono. Wizara ya Elimu ya Japani ilitoa mwongozo wake mwaka 1958, kwa alama 881 zilizofundishwa katika shule za msingi wakati huo. Taiwan ilitoa wake mwaka 1996. Jamhuri ya Watu wa China ilitangaza kanuni za utaratibu kwa alama 7,000 zinazotumika sana mwaka 1997, na kanuni mpya zilizoanza kutumika Machi 2021 zimefikisha idadi hiyo kwenye alama 8,105.

Mfano ulio na mengi zaidi ya kutufundisha ni ule wa mikono miwili. Alama ya zuo, kushoto, na ya you, kulia, zina kichwa ambacho kwa jicho la leo ni kile kile: mvuto unaolala umekatwa na mwingine unaoteremkia kushoto. Katika China zote mbili huanza na ule unaolala. Katika Japani kushoto huanza na unaolala, na kulia huanza na unaoteremka. Mgeni huona huku ni kutafuta taabu. Lakini katika hati ya kale iitwayo ya muhuri, alama hizi zilikuwa ni picha za mikono miwili, ule wa kushoto na ule wa kulia, iliyochorwa ikielekeana. Na kwa kuwa imeelekeana, mvuto uliokuwa kidole katika mmoja ulikuwa kigasha katika mwingine. Picha zilipotea, vichwa vikafanana, ila utaratibu wa Kijapani ukaendelea kukumbuka kwamba ile ilikuwa mikono miwili tofauti. Na kumbukumbu hiyo haikubaki kichwani mwa walimu peke yao. Mwandishi mzuri wa Kijapani huufanya mvuto unaolala kuwa mrefu katika kulia na mfupi katika kushoto, na kinyume chake kwa ule unaoteremka. Utaratibu usioonekana umeacha alama katika vipimo vinavyoonekana.

Je, basi, Wajapani ndio wenye haki na Wachina wamepotea? Hata kidogo. Wachina wamechagua kwamba vichwa vinavyofanana viandikwe kwa namna moja, jambo ambalo humpunguzia mtoto mzigo. Wajapani wamechagua kwamba asili ya alama ihifadhiwe, jambo ambalo humwongezea. Haya ni maamuzi ya watu, yenye sababu zake, wala si sheria ya maumbile. Inafaa kuwasifu waliotunga mwongozo wa 1958 kwa kuandika wazi kwamba utaratibu mwingine unaotumika miongoni mwa watu hauwi kosa kwa sababu tu haukuingizwa humo. La kusikitisha ni kwamba sentensi hiyo ilisomwa na wachache, na kanuni zikasomwa na wote. Kitabu kilichokusudiwa kuwa mwongozo kikawa msahafu. Sisi tuliofundishwa sarufi ya Kiswahili Sanifu hatuhitaji kuelezwa zaidi jinsi jambo hilo linavyotokea.

Kwa nini serikali zikataka utaratibu mmoja tu? Kamusi inatoa sehemu ya jibu. Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716, yenye alama zaidi ya 47,000, ilizipanga chini ya viini 214, na chini ya kila kiini zikapangwa kwa idadi ya mivuto iliyosalia. Kwa kazi hiyo yatosha kujua kuhesabu. Aliyeanzia juu na aliyeanzia chini wote hupata hesabu ile ile. Lakini orodha za siku hizi huzipanga pia alama zenye idadi sawa, na zinafanya hivyo kwa kuutazama mvuto wa kwanza ni wa aina gani, kisha wa pili, kisha wa tatu. Aina ni tano: unaolala, unaosimama, unaoteremkia kushoto, nukta, na uliokunjwa. Kwa njia hii mfuatano wa mivuto umepewa kazi ambayo kwetu hufanywa na alfabeti, nayo alfabeti haiwezi kuwa na maoni mawili. Ndiyo maana mwaka 1999 China ilitoa kanuni nyingine kwa ajili ya alama 20,902 zilizomo katika kompyuta, nyingi zikiwa ni alama ambazo hakuna mtu aliye hai anayeziandika kwa mkono. Katika simu pia ipo njia ya kuingiza maandishi kwa vitufe vitano vya aina hizo tano. Anayeanza shamba kwa utaratibu wangu wa zamani huletewa alama nyingine, au haletewi kitu. Usahihi wa namna hii ni wa mpanga orodha. Ni wa lazima mahali pake, na sina ugomvi nao, ila usituletewe darasani ukiwa umevikwa joho la sheria ya milele.

Kwa hiyo jibu la kwanza limeanguka. Ingekuwa rahisi kusema kwamba la pili ndilo lililosimama: kwamba utaratibu ni adabu, na kila nchi ina adabu yake. Wengi huishia hapo. Mimi nadhani hapo ndipo jambo linapoanza, na ili kulieleza nitahitaji kuacha vitabu vya shule na kuingia katika sanaa.

Mapokeo ya Kichina hufundisha aina za mivuto kwa alama moja, yong, yenye maana ya milele, ambayo husemwa kuwa ina mbinu nane. Mwanafunzi makini hushangaa, kwa kuwa kamusi inasema yong ina mivuto mitano. Wote wawili wako sahihi. Kamusi huhesabu mara kalamu inapoinuliwa. Msanii huhesabu mahali brashi inapobadilisha nia yake, na mvuto mmoja wenye kona na ndoano una nia tatu. Kumbe hata kile kinachohesabiwa kuwa kimoja kina mwanzo, kati na mwisho, na vina utaratibu wake ndani yake. Brashi si kalamu ya risasi. Nywele zake hulazwa, huinuliwa, hugeuzwa. Mahali ilipotua huwa na bonge na mahali ilipotokea huwa na ncha, na ncha hiyo huelekea mahali mvuto unaofuata utakapoanzia. Msomaji aliyefunzwa haoni umbo lililotulia. Anaona mkono ukipita.

Katika mwandiko wa kawaida, ambamo kila mvuto umesimama peke yake, jambo hili laweza kupuuzwa. Katika miandiko ya mbio haliwezi. Katika ule uitwao xingshu, brashi haiinuliwi kabisa kati ya mvuto na mvuto, na unyuzi wa wino unaoviunganisha huonyesha kipi kilifuata kipi. Katika caoshu, ambao ndio wa mbio zaidi, vipande vyenyewe huyeyuka, na kinachobaki ni zile njia za kupitia. Sun Guoting, aliyeandika risala yake juu ya sanaa hii mwaka 687, na akaiandika kwa caoshu, alilieleza jambo hili kwa ufupi mkubwa: katika mwandiko wa kawaida mivuto ndiyo mwili na mizunguko ndiyo roho, na katika mwandiko wa mbio mizunguko ndiyo mwili. Asiyejua utaratibu hawezi kuusoma mwandiko huo. Si kwamba ataonekana hana adabu, hataelewa neno. Hapa jibu la pili linashindwa, na linashindwa katika kusoma, ambako ndiko mwanafunzi wetu alikodai kwamba hakuna kosa.

Yafaa niongeze, kwa ajili ya walimu, kwamba utaratibu wa miandiko ya mbio haulingani kila mara na ule wa vitabu vya shule. Waandishi wa xingshu aghalabu humwandika mfalme kwa njia ile ile ya Wajapani, mmoja wa juu kisha unaosimama, kwa kuwa kutoka hapo mkono hutiririka vyema zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi anayepigwa mstari mwekundu darasani huenda amekosea pamoja na mabingwa.

Na bingwa wa mabingwa, kwa hukumu ya Wachina wenyewe, ni Wang Xizhi. Katika mwezi wa tatu wa mwaka 353 alikutana na marafiki zaidi ya arobaini huko Kuaiji, wakaketi kando ya kijito, vikombe vya pombe vikielea majini, na kila aliyefikiwa na kikombe akatakiwa atunge shairi. Utangulizi alioandika Wang kwa mashairi hayo, wenye alama 324, huhesabiwa kuwa kilele cha mwandiko wa Kichina. Alama yake ya kwanza ni yong, ile ya mbinu nane. Alama ya zhi, ambayo ni kiunganishi kidogo kama -a yetu ya uhusiano, inatokea humo mara ishirini hivi, na wahakiki wote hustaajabia kwamba kila mara imeandikwa kwa sura mpya. Mimi husitaajabii sura hizo kama wao. Ninachostaajabia ni kwamba utaratibu wa mivuto ndani ya zhi haubadiliki, na kwa sababu haubadiliki ndipo sura inapoweza kucheza bila kupotea. Mtunzi wa utenzi mwenye mizani nane mkononi mwake anaweza kuvunja pumzi popote apendapo. Asiye na mizani hana cha kuvunja.

Lakini kuna mushkili hapa ambao wasifuji wa Wang huupita upesi. Karatasi aliyoiandika haipo. Yasemekana ilizikwa pamoja na mfalme Taizong, aliyefariki mwaka 649. Tulicho nacho ni nakala, na ile inayoheshimiwa zaidi, iliyoko katika Jumba la Makumbusho la Kifalme mjini Beijing na ambayo husemwa kuwa ni ya Feng Chengsu, ilifanywa kwa kufuatisha: mnakili huweka karatasi nyembamba juu ya asili, huchora kingo za kila mvuto kwa brashi ndogo, kisha huujaza wino katikati. Msomaji afikirie maana yake. Mvuto uliochorwa kingo na kujazwa haukuvutwa. Hauna mwanzo wala mwisho, na mnakili angeweza kuanza na alama ya mia tatu kama angependa. Katika kazi inayotukuzwa kuliko zote kwa mwendo wa mkono, mkono ulioigusa karatasi haukwenda mwendo ule hata mara moja.

Je, hoja yangu imejikata mguu? Nadhani imejisahihisha. Nilikuwa nikisema kwamba msomaji huona kitendo cha mwandishi. Nakala ya Feng yanionyesha kwamba msomaji huona kitendo katika umbo, hata kama kitendo hicho kilifanywa na mwingine mahali pengine. Utaratibu ni sehemu ya maana ya umbo, kama vile sauti ilivyo sehemu ya shairi lililochapwa hata kama hakuna anayelighani. Mnakili alizihifadhi hata nywele zilizotawanyika za brashi ya Wang, kwa kuwa alijua kwamba zinasomwa. Aliua mwendo ili auhifadhi.

Hata hivyo, kama ningeulizwa ni kazi gani inayothibitisha jambo hili bila mushkili, nisingeitaja ya Wang. Ningeitaja rasimu ya Yan Zhenqing ya mwaka 758, iliyoko katika Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Taipei. Katika uasi wa An Lushan kaka yake wa ukoo, Yan Gaoqing, aliyekuwa gavana wa Changshan, aliuawa, na mwanawe kijana, Jiming, akauawa vilevile. Kilichopatikana baadaye cha kijana huyo ni kichwa chake tu. Yan Zhenqing alikuwa akiandaa maneno ya kumwombolezea. Si kazi iliyokusudiwa kutundikwa ukutani. Ni karatasi ya kujaribia. Mwanzoni, kwenye tarehe na vyeo, mkono umetulia na alama zimepangika. Inapofika habari ya kifo, mivuto inaungana, maneno yanafutwa, mengine yanaingizwa ubavuni mwa safu, brashi inakauka na mwandishi haichovyi, anaendelea kuandika kwa nywele kavu mpaka wino unakuwa mikwaruzo mitupu. Kisha ghafla weusi unarudi, ndipo tunajua kwamba amenyoosha mkono kwenye kidau. Kwa kuwa utaratibu wa kila alama unajulikana, msomaji anaweza kufuata dakika kwa dakika, kufuta kwa kufuta, muda uliopita karne kumi na mbili zilizopita. Ungeondoa utaratibu huo ungebaki na karatasi chafu. Kazi hii ilipoazimwa kwa maonyesho mjini Tokyo mwaka 2019 palizuka hasira kubwa miongoni mwa Wachina, waliohofia kwamba ingeharibika. Asiyeelewa wanachokisoma humo hawezi kuielewa hasira hiyo.

Nageukia kwetu, kwa kuwa hili ni jarida la lugha za Kiafrika, na msomaji ana haki ya kuuliza lina kazi gani na Yan Zhenqing. Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya hizi tunazotumia. Mwandishi wa hati hizo naye ana utaratibu wake. Huvuta kiwiliwili cha neno kwanza, kutoka kulia, bila kuinua kalamu mpaka afikie herufi isiyoshikana na inayofuata. Kisha hurudi nyuma kutia nukta. Na irabu, kama anazitia, huja baada ya hapo. Utaratibu huu una matokeo katika matini. Nukta inayotiwa baadaye ndiyo inayosahaulika, au inayotua juu ya jino la jirani. Na kwa kuwa katika tahajia ya zamani herufi ba peke yake ilibeba b, p na mb, makosa ya nukta huongezeka juu ya utata uliokuwapo. Mhariri anayejua mkono ulipita wapi anaweza kulitambua kosa la kurudi nyuma na kulitofautisha na neno geni la lahaja. Asiyejua hutunga tanbihi ndefu juu ya msamiati wa kale usiopata kuwako.

Tuna nakala nyingi za tenzi zilizoandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu. Ziko London, ziko Hamburg. Mkono wake ni wa msanii, na hakuna aliyeziona akabisha. Lakini sehemu kubwa ya matoleo tunayosomesha yamegeuzwa kwa hati za Kirumi tu, bila hata picha ya ukurasa mmoja. Tumeandika uhakiki mwingi wa fani na maudhui ya tenzi hizo, vina na mizani, taswira na mafumbo, na mwandiko tumeuhesabu kuwa ni gunia lililoletea nafaka. Sisemi kwamba Kijuma ni Yan Zhenqing. Nukta za Kiarabu si mivuto ya Kichina, na utaratibu wa chuoni haukuandikiwa kanuni na wizara yoyote. Ulipita kutoka mkono wa mwalimu hadi mkono wa mtoto juu ya ubao. Nasema tu kwamba tumejizuia kuliuliza swali hilo, na Wachina hawakujizuia.

Turejee kwa mwanafunzi wetu na mstari wake mwekundu. Katika China kwenyewe watu wengi siku hizi huandika kwa kuchapa sauti za neno kwa herufi za Kirumi na kuichagua alama katika orodha, hata wakawa na msemo wa mtu ainuaye kalamu na kuikosa alama kichwani. Viwango vya ustadi wa Kichina kwa wageni vilivyotolewa mwaka 2021 vimelikiri jambo hilo: mwanafunzi hutakiwa kuzitambua alama 3,000 mpaka ngazi ya juu kabisa, na kuandika kwa mkono 1,200 tu. Nadhani hatua hiyo ni ya busara. Ila kwa kuwa zinazoandikwa zimepunguzwa, yafaa hizo zilizobaki ziandikwe kwa kujua kinachofanyika.

Kwa hiyo ningewaomba walimu wa vyuo vyetu watofautishe. Anayefunga mlango wa guo kabla ya kuingia ndani, au anayeuandika mguu wa kulia wa ren kwanza, na asahihishwe bila huruma tangu juma la kwanza, kwa kuwa hakuna mapokeo yoyote yanayomtetea, na mkono wake hautaweza kamwe kusoma mwandiko wa mbio. Anayeanza you kwa mvuto unaoteremka, au anayeisimamisha nguzo ya shamba kabla ya kulaza mtambaa wake, aambiwe kwamba ndivyo iandikwavyo Japani, aonyeshwe njia ya China, aelezwe kwamba mtihani na simu vitadai hiyo, na asikatwe alama. Na kabla ya mwisho wa mwaka wa kwanza, madarasa yote yaonyeshwe picha ya rasimu ya Yan, bila tafsiri, na waulizwe brashi ilichovywa wapi. Nimelijaribu zoezi hilo mara mbili. Wanafunzi wasiojua maana ya alama hata kumi humo walipaonyesha mahali pa wino bila kukosea, wakaanza kubishana wenyewe juu ya mahali alipositasita.

Mstari wangu mwekundu ungali katika daftari. Shamba lile, naona sasa, nguzo yake imesimama vizuri sana.